Kutoka Msaragambo hadi Meza ya Michoro: Historia ya Njia ya Kuwa Msanifu Majengo Kutokea Usangi, Upare, 1900–2024

1.0 Utangulizi

Anayepanda kutoka Mwanga kwenda Usangi hukutana na kazi ya ujenzi katika kila kona ya barabara: mapaa ya bati yaliyopangana juu ya miteremko, makanisa na misikiti, kuta za mawe zinazozuia udongo usiporomoke, na madarasa yaliyokalishwa juu ya vipande vya mlima vilivyochongwa kwa sururu. Nyumba nyingi za aina hii husimamishwa na fundi mwashi na seremala wa palepale. Fundi hupiga kamba, hutupa timazi, huchimba msingi na kupaua, na mwenye nyumba huingia. Mtu wa tatu, yule ambaye sheria za nchi humwita msanifu au mbunifu majengo, haonekani. Kijana anayekulia Usangi humfahamu fundi kwa jina na ukoo wake. Msanifu humsikia kwa mara ya kwanza shuleni, na pengine asimsikie kabisa.

Insha hii inachunguza historia ya hali hiyo. Swali linaloiongoza ni hili: kijana wa Usangi aliyetaka kuwa msanifu majengo alipaswa kupita njia gani katika vipindi mbalimbali, na njia hiyo ilimtaka aache nini nyuma? Hoja ya msingi ni kwamba, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kujiandaa kwa taaluma ya usanifu majengo kulikuwa ni kujiandaa kuondoka. Kila hatua ya maandalizi ilimsogeza mwanafunzi mbali zaidi na mlima, na kila mlango aliopita ulipima maarifa mengine huku ukiyaacha nje yale aliyokwisha kujifunza kwa kushiriki ujenzi wa kwao. Kuanzishwa kwa Chuo cha Ardhi katika miaka ya 1970 kulipunguza umbali wa safari, lakini umbali kati ya maarifa ya chuoni na maarifa ya mlimani ulibaki.

Mambo mawili yafafanuliwe mapema. Kwanza, Usangi leo ipo katika Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Pare iliyotawaliwa kutoka Same. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia inayosimuliwa hapa ni ya Upare mzima, ingawa Usangi ndiyo kitovu. Pili, istilahi yenyewe haijatulia. Chuo Kikuu Ardhi hutumia “usanifu majengo”, ilhali bodi inayosajili wanataaluma hawa inaitwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Insha hii inatumia “msanifu majengo”. Mwananchi wa kawaida, hata hivyo, hana neno la kila siku kwa mtu huyu. Analo neno la kazi yake tu: “ramani”. Husema “nimechorewa ramani” bila kumtaja aliyechora. Ukimya huo ni sehemu ya tatizo linalochunguzwa.

2.0 Ujuzi wa kujenga kabla ya ramani

Ingekuwa kosa kuanza historia hii na shule. Isaria Kimambo, katika utafiti wake wa historia ya kisiasa ya Wapare uliochapishwa mwaka 1969, anaonyesha kwamba jamii za milima hii zilikuwa na mpangilio imara wa utawala, uzalishaji na ufundi karne nyingi kabla ya ukoloni. Kwa mada hii, sehemu tatu za mpangilio huo ni muhimu.

Ya kwanza ni kazi ya maji. Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe yaliyopokea maji ya chemchemi au kijito usiku, yakafunguliwa mchana kwenda mashambani kupitia mifongo. Kuchagua mahali pa ndiva kulihitaji kuusoma mlima: mteremko unaelekea wapi, udongo gani unashika maji, ukuta ubebe uzito gani, na maji yatapita wapi yakizidi. Mfongo wenye mwinamo mkali hula udongo, na wenye mwinamo mdogo hujaa tope. Aliyeupitisha mfongo ubavuni mwa mlima bila kipimo cha darubini alikuwa ametatua swali ambalo mwanafunzi wa usanifu wa leo huulizwa anapojifunza uchambuzi wa kiwanja. Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, unaoonekana katika mashamba ya Upare ya Kaskazini, ni kazi ya akili hiyohiyo.

Ya pili ni msaragambo, kazi ya pamoja iliyoitishwa kwa ajili ya manufaa ya wote. Neno hili la Chasu limeingia katika Kiswahili cha Tanzania kwa maana ya kazi ya kujitolea ya jamii, na hilo pekee linatosha kuonyesha uzito wake. Katika msaragambo kijana alijifunza kwa kutazama na kubeba. Alianza na mawe madogo, akaendelea na makubwa, na mwishowe akaachiwa apange. Hapakuwa na mtihani. Mzee aliyesimamia ndiye aliyeamua nani sasa anaweza kuaminiwa na pembe ya ukuta. Nguvu ya kukusanyika kwa namna hiyo haikuishia kwenye ujenzi. Ilionekana pia mwaka 1945, maelfu ya watu walipoteremka hadi Same kupinga kodi ya mbiru, tukio ambalo Kimambo alilichunguza kwa kina mwaka 1971.

Ya tatu ni ufundi uliofungwa ndani ya ukoo. Katika Ugweno, jirani wa Usangi upande wa kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kufua chuma. Kwa mujibu wa Kimambo, Washana ndio waliokuwa watawala kabla ya Wasuya, wakiongozwa na Angovi, kuwaondoa madarakani katika tukio analolikadiria kuwa la karne ya 16. Ujuzi wa kufua uliambatana na miiko, ukarithiwa, na ukatoa mamlaka. Hapa kuna funzo ambalo litarudi mbele: kuufunga ujuzi ndani ya kundi lenye haki ya kuutumia si jambo lililoletwa na bodi za usajili za karne ya 20. Upare uliujua utaratibu huo, na uliujua pia uchungu wake.

Kwa sababu hiyo, hali ya kale isipambwe kupita kiasi. Maarifa hayo hayakuwa wazi kwa kila mtu. Yalipita katika koo na katika jinsia. Wanawake walibeba maji, nyasi na udongo katika ujenzi wa nyumba, lakini ufundi uliotajwa kwa heshima ulikuwa wa wanaume. Jambo linalodaiwa hapa ni dogo zaidi: aliyebuni, aliyejenga na aliyetumia waliishi mahali pamoja, na kosa la mmoja lilionekana na wote mvua ya kwanza iliponyesha.

3.0 Shigatini na kuzaliwa kwa fundi, 1900–1945

Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilifungua kituo Shigatini, Usangi, mwaka 1900. Waadventista Wasabato walianza kazi yao Upare ya Kusini mwaka 1903. Pamoja na dini na shule, misheni zilileta umbo jipya la jengo: kuta zenye pembe nne, madirisha, na paa lililoinuliwa juu ya kenchi za mbao. Umbo hili lilitofautiana na nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Reli ya Usambara, iliyopita chini ya milima na kufika Moshi mwaka 1911, ilirahisisha kufika kwa bati, misumari na saruji, bidhaa ambazo kabla ya hapo zilikuwa ghali na nadra.

Mabadiliko haya yalimzaa fundi kwa maana inayofahamika leo: mtu anayelipwa kwa siku au kwa kazi, mwenye pima maji na msumeno, anayejenga kwa kufuata sura aliyopewa na mwingine. Jengo la misheni lilitanguliwa na mchoro, na mchoro ulikuwa wa mmisionari. Mwafrika alifundishwa kufyatua tofali, kuchana mbao na kupanga kuta. Hakufundishwa kuamua ukuta uwe wapi. Hapo ndipo mgawanyo kati ya anayechora na anayejenga ulipoingia mlimani kwa mara ya kwanza.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliuimarisha mgawanyo huo kwa sera. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika, yenye kilimo, afya na kazi za mikono. Pendekezo hilo lilikuwa na hekima ndani yake, kwa kuwa lilikataa elimu ya vitabu vitupu. Lakini katika utekelezaji “kazi za mikono” zilimaanisha kazi za kutekeleza. Useremala ulifundishwa bila jiometria iliyo nyuma yake. Katika miji ya Tanganyika, ngazi za kazi ya ujenzi zilifuata rangi: Mzungu alichora na kusimamia, Mhindi alikandarasi na kushika ufundi wa juu, na Mwafrika alikuwa kibarua au saidia fundi. Mtoto wa Usangi aliyependa majengo aliweza kuota kuwa seremala mzuri. Ndoto iliyozidi hapo haikuwa na shule ya kuipokea.

4.0 Mlango ulio mbali, 1945–1970

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia njia mbili zilifunguka, na hazikukutana. Njia ya kwanza ilikuwa ya ufundi. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi, zilizoanzishwa katika miaka ya 1950, pamoja na Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1957, zilitoa waashi, maseremala, mafundi umeme na makanika wenye vyeti. Kwa Usangi, Moshi ilikuwa mlango wa karibu. Mhitimu alirudi na uwezo wa kuusoma mchoro, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu sasa aliweza kuhoji alichopewa. Lakini kusoma mchoro si kuutunga, na cheti cha ufundi hakikuwa ngazi ya kupandia kwenda chuo cha usanifu.

Njia ya pili ilikuwa ya elimu ya sekondari ya kitaaluma, na iliwapeleka vijana hodari wa Usangi kwingine kabisa. Cleopa Msuya, aliyezaliwa Chomvu, Usangi, mwaka 1931, na ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, ni mfano bora wa kizazi hicho. Alisoma Makerere kuanzia mwaka 1952 hadi 1955, kisha akaingia katika utumishi wa maendeleo ya jamii. Nchi iliyokaribia uhuru ilihitaji maofisa tawala, walimu na waganga, na kijana aliyefika Makerere alijua kwamba huko ndiko heshima ilikokuwa. Usanifu majengo haukuwa katika orodha ya kazi ambazo mzazi wa mlimani angeweza kuzitaja mtoto alipoulizwa atakuwa nani.

Aliyeutaka usanifu kwa dhati alitazama nje ya nchi. Katika Afrika Mashariki, masomo ya taaluma hiyo yalianza katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilichofungua milango mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, vyuo vyake vitatu viligawana taaluma: Dar es Salaam ilianza na sheria, Makerere ilibaki na udaktari na kilimo, na Nairobi ilishika uhandisi na usanifu. Mgawanyo huu uliokoa fedha za nchi tatu changa, lakini ulimaanisha kwamba Mtanganyika hakuweza kujifunza kubuni majengo ya nchi yake akiwa ndani ya nchi yake.

Maisha ya wasanifu wawili wa mwanzo yanaonyesha urefu wa safari hiyo. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1921 mwenye asili ya Goa, alisoma Bombay na kurudi kufanya kazi Dar es Salaam kwa miongo mingi. Kanisa la pamoja la Wakristo katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa kazi zake. Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938 kusini mwa Tanganyika, alisoma Technion mjini Haifa, Israeli, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe. Kwa kawaida hutajwa kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa ukanda huu kumiliki ofisi ya usanifu. Kazi yake inayojulikana zaidi ni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975.

Soko hilo linastahili kutazamwa kwa makini katika insha inayohusu Usangi. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayotoa kivuli, inayopitisha hewa, na inayokusanya maji ya mvua. Amuli hakusomea Haifa jinsi soko la Kiafrika linavyokaa kivulini. Alilijua jambo hilo kabla ya kuondoka, na chuo kilimpa mahesabu ya zege ya kulisimamisha. Mfano wake unathibitisha kwamba maarifa ya nyumbani na maarifa ya chuo yanaweza kukutana katika jengo moja. Unathibitisha pia jinsi mkutano huo ulivyotegemea mtu mmoja mwenye kipaji badala ya mfumo wa mafunzo. Paa linalovuna maji na ndiva inayoyahifadhi ni ndugu, lakini hapakuwa na darasa lililowakutanisha.

5.0 Chuo cha Ardhi na umbali uliobaki, 1970–1996

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika mwaka 1970, na kila nchi ikabaki na mapengo yake. Tanzania haikuwa na mahali pa kufundishia wasanifu. Mbegu ilikuwapo, hata hivyo. Shule ya upimaji ardhi iliyoanza Mgulani, Dar es Salaam, mwaka 1956, ilihamia Observation Hill mwaka 1958. Mwaka 1972 mafunzo ya mipango miji na vijiji yaliongezwa, na mwaka 1974 sheria ya Bunge ikaunda Chuo cha Ardhi. Mafunzo ya usanifu majengo kwa ngazi ya stashahada ya juu yalifuata katika kipindi hichohicho. Kwa mara ya kwanza kijana wa Usangi aliweza kufika kwa basi katika chuo cha usanifu kilicho ndani ya nchi yake.

Lakini kufika kwa basi kulitanguliwa na kufika kidato cha sita, na hapo ndipo njia ilipobana. Baada ya Azimio la Arusha, serikali iligawa nafasi za sekondari kwa uwiano wa mikoa na wilaya ili maeneo yaliyoachwa nyuma na ukoloni yapate haki yao. Mkoa wa Kilimanjaro, uliokuwa na shule nyingi za msingi, uliona watoto wengi waliofaulu wakikosa nafasi. Haki ya taifa zima na hasara ya mtoto mmoja zilikuwa kweli kwa pamoja. Jibu la mkoa huo, Upare ukiwamo, lilikuwa kujenga sekondari zake kwa nguvu za wazazi, makanisa na jumuiya. Msaragambo, uliokuwa umejenga ndiva, sasa ulijenga madarasa. Ulifanya hivyo tena wakati wa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, na kwa mara nyingine mpango wa shule za kata ulipoanza mwaka 2004.

Kuna kinaya katika ujenzi huu. Watu wa mlimani walijenga kwa mikono yao mlango wa kuwapeleka watoto wao vyuoni, lakini mchoro wa darasa lenyewe haukuwa wao. Darasa la serikali hujengwa kwa ramani ya kawaida iliyokusudiwa kufaa nchi nzima. Ramani hiyo hudhani kiwanja ni tambarare. Inapopelekwa kwenye mteremko, mlima ndio unaolazimika kuifuata ramani: udongo huchongwa upande wa juu, hujazwa upande wa chini, na ukuta wa kuzuia, ambao ramani haikuutaja, huachiwa busara ya fundi. Fundi huyo mara nyingi huutatua vizuri kwa sababu baba yake alijenga matuta. Jina lake haliingii katika mchoro, na mchoro haujifunzi kutoka kwake.

Hali ya uchumi iliongeza ugumu. Saruji ilikuwa ikitengenezwa Wazo Hill tangu mwaka 1966 na Tanga tangu mwaka 1980, lakini miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya uhaba wa karibu kila bidhaa. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili mwananchi akopeshwe ajenge nyumba bora, ilifungwa mwaka 1995. Kwa mhitimu wa Chuo cha Ardhi wa kipindi hicho, ajira ilikuwa katika wizara, mashirika ya umma na halmashauri za miji, na kazi yake ikawa ni majengo ya umma na ya mjini. Kijiji hakikuwa na fedha ya kumwajiri. Hivyo hata aliyetoka mlimani hakuwa na njia ya kurudi akiwa msanifu. Alirudi mwezi wa Desemba akiwa mtoto wa nyumbani, na nyumba aliyomjengea mama yake alimkabidhi fundi.

6.0 Usajili na mlango wa leo, 1997–2024

Mwaka 1996 Chuo cha Ardhi kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Shahada ilichukua nafasi ya stashahada ya juu. Sambamba na hayo, Sheria Namba 16 ya mwaka 1997, iliyofuatwa na Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, iliweka utaratibu wa kusajili wasanifu na wakadiriaji majenzi. Tangu hapo njia ina hatua zinazotajika: tahasusi ya sayansi yenye fizikia na hisabati, shahada, kipindi cha kazi chini ya uangalizi wa msanifu aliyesajiliwa, mtihani wa weledi, kisha usajili. Mikopo ya elimu ya juu, iliyowekewa bodi kwa sheria ya mwaka 2004, imewawezesha wengi ambao wazazi wao wasingemudu.

Usajili una sababu nzuri. Jengo linaloanguka huua, na umma una haki ya kujua nani anawajibika. Hata hivyo, tukikumbuka Washana wa Ugweno, tutaona kwamba kila ujuzi unaofungwa kwa ajili ya usalama hufungwa pia kwa ajili ya mamlaka. Swali la kihistoria ni ujuzi gani umeachwa nje ya uzio. Kwa kijana wa Usangi jibu ni dhahiri. Miaka yake ya kuwa saidia fundi wakati wa likizo, kuta alizojenga na baba yake, uzoefu wake wa kuelekeza maji ya mvua yasibomoe msingi, vyote havina mahali pa kuandikwa katika fomu ya kuomba chuo. Anapimwa kwa alama za fizikia na hisabati. Mwanafunzi wa mjini ambaye hajawahi kushika mwiko hupimwa kwa alama zilezile, na mara nyingi huwa amefundishwa kwa vifaa bora zaidi.

Matokeo yake huonekana katika maandalizi yenyewe. Sekondari ya kawaida haifundishi uchoraji wa kiufundi. Somo hilo limekuwa katika shule chache za ufundi, kama Moshi na Tanga. Mwanafunzi wa mlimani anayeingia studio ya usanifu hukutana kwa mara ya kwanza na rula ya T, kipimo cha skeli na mchoro wa mkato, na hudhani amechelewa. Kumbe mkato wa mlima ameuona maisha yake yote. Kilichokosekana ni mwalimu wa kumwambia kwamba alichokiona ndicho kinachochorwa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Kazi ya mikono na njia ya chuo zimewekwa katika mfumo mmoja ulio wazi kwa shule nyingi. Kwa mtazamo wa historia iliyoelezwa hapa, hii ni nafasi na pia ni hatari. Ni nafasi iwapo uashi utafundishwa pamoja na jiometria yake, na mwanafunzi wa amali akaruhusiwa kupanda hadi usanifu. Ni hatari iwapo amali itarudia kosa la baada ya 1924, yaani kumfundisha mtoto wa kijijini kutekeleza huku kubuni kukibaki kwa wengine.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba njia ya kuwa msanifu majengo kutokea Usangi imebadilika sana kwa umbali na kidogo kwa maana. Katika misheni, mchoro ulikuwa wa mgeni. Katika miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa Nairobi, Bombay au Haifa. Tangu miaka ya 1970 upo Dar es Salaam. Katika vipindi vyote, aliyetaka kuchora alilazimika kuacha kujenga, na aliyebaki akijenga hakutambuliwa kuwa anabuni.

Inaweza kupingwa kwamba kila taaluma humtoa mtu kwao, na kwamba daktari wa Usangi naye husomea mbali. Pingamizi hilo lina uzito, ila linasahau tofauti moja. Mwili ambao daktari anautibu Muhimbili unafanana na ule atakaoutibu Usangi. Ardhi haifanani. Msanifu aliyefunzwa kwenye kiwanja tambarare cha Dar es Salaam hajafunzwa kwa ajili ya Shigatini au Kighare, ambako mvua, mteremko na udongo ndio waamuzi wa kwanza wa kila jengo. Taaluma inayoyaacha maarifa ya mahali mlangoni humdhulumu mwanafunzi, na baada yake hulidhulumu jengo.

Kwa hiyo swali la nani anafaa kuwa msanifu haliwezi kujibiwa kwa alama za mtihani peke yake. Fundi anayejenga ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya darasa la kijiji, ukuta ambao ramani haikuuonyesha, anafanya uamuzi wa usanifu. Mtoto wake anayemshikia kamba yupo katika mwaka wa kwanza wa mafunzo. Historia ya karne moja na robo inaonyesha kwamba mfumo wa elimu haujawahi kumhesabia mwaka huo.